Shene-stereo ya zamani na ya leo: kweli za zamani zilikuwa bei chini?

Wazee wetu wengi wanasema: wakati wa Mobutu mtu alinunua shene-stereo kwa zaïre kidogo tu, leo butike inaomba dola 200. Vijana wanasikia, wanaona maisha yameharibika. Lakini tuangalie hesabu.

Zaïre ilipoanza mwaka 1967, zaïre 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Tuchukue mfano: shene ya zaïre 250 mwaka 1970. Hiyo ilikuwa dola 500. Kiisha feza ikaanguka. Mwaka 1993 zaïre mpya 1 ilichukua nafasi ya zaïre za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100,000. Maana yake, faranga moja ni zaïre miliari 300 za kwanza. Kulinganisha namba iliyoandikwa kwenye noti hakuna faida yoyote.

Dola nayo, ambayo wengi tunaficha nyumbani tukifikiri haibadiliki, inapungua polepole. Kufatana na bei za Marekani, dola 500 za 1970 ni karibu dola 4,000 za 2024. Basi ile shene ya zamani ilikuwa bei kali sana, kitu cha watu wachache.

Kwa nini za leo zimeshuka? Vipande vidogo vya elektroniki vimechukua nafasi ya vyuma vingi, na viwanda vya Asia vinatoa mamilioni kwa mara moja. Lakini si kitu kile kile. Ampli ya zamani ni nzito, bafle zake ni za mbao, na fundi anaweza kuifungua na kubadilisha kipande kimoja. Nyingi za leo, plaketi ikiungua, unatupa. Kwa upande mwingine, ya leo inakula moto kidogo, na kwa mwenye panneau ya jua hilo ni jambo kubwa.

Kipimo kizuri ni siku za kazi. Mfano: mtu analipwa faranga 250,000, na redio kubwa ni dola 100. Dola ikiwa faranga 2,000, ananunua na kubaki na 50,000. Dola ikipanda hadi 2,500, mshahara wote umekwisha. Bei kwa dola haikubadilika hata kidogo. Aliyepoteza ni yule anayelipwa kwa faranga.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna shene ya baba na mtu anakuletea dola 30, usikimbilie. Iwashe kwanza, uliza fundi, uliza na bei ya nyingine yenye nguvu sawa. Na bei yoyote unayosikia, uliza mambo matatu: ni ya mwaka gani, ni kwa feza gani, na mtu alifanya kazi siku ngapi kuipata.