Bonasi si zawadi, wasee

Uliza watu watatu bonasi ni nini. Wa kwanza atakwambia ni zile dakika za bure unapewa ukinunua kredo. Mtu wa kubeti atasema ni pesa unayoongezewa ukiweka yako mara ya kwanza. Mwenye ofisi atasema ni asante ya bosi, Disemba. Wote wanamaanisha kitu kimoja: nyongeza. Hukuidai, umepewa tu.

Sasa panda Rukuriri huku Embu, ama Githongo kule Meru, uulize mkulima wa majani chai. Bonasi ni karo. Ni mabati. Ni deni la duka la tangu Machi.

Hapo ndipo hili neno linatuchezea. Ukipeleka majani kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, unalipwa kiasi fulani kwa kila kilo, kila mwezi. Hiyo si bei kamili. Chai inauzwa, nyingi kwa mnada wa Mombasa, gharama zinatolewa, na mwaka wa hesabu ukifungwa Juni, kinachobaki kinagawanywa kulingana na kilo zako. Jina lake halisi ni malipo ya pili. Sisi tukaiita bonasi.

Kumbe ni pesa yako tu, imekuja ikiwa imechelewa. Na hivyo viwanda wenye hisa ni wakulima wenyewe. Sasa nani anampa nani zawadi?

Mtasema jina haliongezi shilingi. Kweli. Bei ikianguka mnadani, itaanguka hata tukiiita nini. Na wengine mtasema ni afadhali ije kwa mkupuo, kidogo kidogo ingeishia sokoni. Hata hiyo nakubali, nyumba nyingi huku zimejengwa hivyo.

Lakini jina linabadilisha swali. Mshahara ukikatwa, mtu anauliza nani amekata na kwa nini. Bonasi ikishuka, shosho anasema, "Hata hiyo tushukuru Mungu." Zawadi haiulizwi bei.

Shosho huyo huyo ameweka risiti zake zote kwa mfuko wa plastiki, kilo kwa kilo, mwaka mzima. Hesabu anajua. Kile amekosa ni neno la kumpa ruhusa ya kuuliza.

Kwa hivyo Oktoba hii, kabla useme asante, muulize pamoja: chai yetu iliuzwa ngapi, na gharama zilikula ngapi? Anayeuliza hivyo hajakosa shukrani. Anadai chake.