Bumu halisubiri soko lirudi

Siku kadhaa sijaandika, testi zilinibana mbaya. Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Jana usiku mshkaji wa chumba cha jirani kanigongea mlango, anaomba elfu mbili ya chipsi. Huyu ndiye yule ambaye bumu lilipoingia alitutambia korido nzima kwamba kaweka nusu kwenye kripto. Bei ikaanza kushuka, akaongeza hela ya kuchapia risechi. Nikamuuliza, kaka, kitu kinashuka halafu wewe unaongeza? Akanijibu kwa wimbo ule ule wa hosteli nzima: "Wanaouza ni waoga. Ikishuka unanunua, halafu unashikilia." Haya, sasa anashikilia tumbo.

Jamani, mimi sisemi kripto yote ni DECI. DECI ilikuwa upatu, watu wakaambiwa wapande mbegu mpaka serikali ikaingilia mwaka 2009. Bitcoin ina soko, inauzwa na kununuliwa saa 24. Ninachokipinga ni huu wimbo.

Tupige hesabu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Aliyeingiza laki moja kule juu akabaki na kama elfu 23. Mtaniambia ilirudi, na mwaka 2025 ikapita hata dola 120,000. Kweli kabisa. Lakini ile bei ya 2021 ilirudi Machi 2024, yaani miaka miwili na ushee. Digrii nyingi hapa ni miaka mitatu! Mwenye mshahara na nyumba anaweza kusubiri. Wewe bumu lako ni la kula, la nauli na la kutoa kopi. Utalazimika kuuza tu, tena siku bei iko chini kabisa, kwa sababu njaa haisomi chati.

Na hiyo ndiyo iliyorudi. Luna je? Mwanzoni mwa Mei 2022 ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 80. Ndani ya wiki moja na kidogo ikawa haifiki hata senti moja. Walioimba "ikishuka nunua" walinunua njia nzima mpaka chini. Imekula kwao.

Sasa sikieni hii, ndiyo inayoniuma zaidi. Watafiti wa BIS, ile benki ya mabenki kuu iliyoko Basel, Uswisi, walitoa ripoti Februari 2023. Waliangalia nini kilitokea Luna ilipoanguka na pia FTX ilipofilisika Novemba 2022. Wakakuta wenye mzigo mkubwa walikuwa wanauza, na wadogo wadogo wanunuzi. Na katika karibu nchi zote walizoziangalia, wengi wa waliotumia programu za kripto huenda walipata hasara.

Fikirieni wenyewe. Mkubwa akitaka kutoka, lazima apatikane mtu wa kumpokea mzigo. Anapatikana wapi wakati kila mtu anaona bei inaporomoka? Anapatikana hosteli, kafundishwa kwamba kuuza ni uoga na kununua ni ushujaa. Wewe unajiona mjanja umeokota cha bei poa, kumbe umeshikilia mlango mwenzio atoke.

Najua kuna watakaosema nina wivu, au sijasoma soko. Sawa. Basi nijibuni swali moja: kabla ya kununua, mliandika popote bei ambayo ikifika mtatoka? Mwekezaji ana jibu. Kwenye korido yetu nimeuliza watu sita, hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo. Wote wanasubiri "irudi". Hiyo ni dua, siyo mpango.

Ukitaka kucheza cheza, ni hela yako. Ila iwe hela ambayo ikipotea yote kesho bado unakula. Na ukimwona mwenzio anaongeza kwenye hasara usimpigie makofi. Mimi nilinyamaza baada ya swali moja tu, nikaona nitaitwa mshamba. Najilaumu kwa hilo.

Elfu mbili nilimpa. Tukala wote zile chipsi. Kabla ya kulala akaniambia bumu lijalo anarudisha kila kitu, bei ikiwa bado chini ndiyo nafuu zaidi.

Nimechoka wadau. Kesho namtafuta tena.