UCHAMBUZI: Medali iliyongojewa siku 912 na mtoto aliyetwikwa mzigo wa wakubwa

MICHEZO ya barafu ina majira yake, na mwezi wa Agosti si majira hayo. Hata hivyo, ilikuwa Agosti 7, 2024, jijini Paris, mkabala na mnara wa Eiffel, ambapo watelezaji wa Marekani na wa Japani walivishwa medali walizozipigania katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Beijing. Wamarekani walipewa dhahabu, Wajapani fedha.

Shindano lenyewe lilikuwa limekamilika Februari 7, 2022. Kati ya siku hiyo na siku ya kuvishwa medali zilipita siku 912, yaani miaka miwili na nusu kamili. Katika muda huo, baadhi ya washindi walikwishastaafu na kuanza maisha mengine.

Msomaji anaweza kuuliza: kulikoni matokeo ya mchezo wa siku nne yakachukua muda mrefu kiasi hicho? Jibu linaanza na msichana mmoja wa Urusi, Kamila Valieva, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Lakini haliishii kwake, na hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Ili kuelewa yaliyotokea, ni vyema kwanza kueleza jinsi shindano la timu linavyoendeshwa. Kila nchi huwakilishwa katika makundi manne: wanaume, wanawake, jozi na densi ya barafuni. Kila kundi hucheza programu fupi, kisha nchi tano bora huendelea na programu ndefu. Anayeongoza katika kila programu huiletea nchi yake pointi 10, wa pili pointi tisa, wa tatu nane, na kuendelea kushuka hivyo.

Beijing, Warusi walimaliza wakiwa na pointi 74. Marekani walipata 65, Japani 63, Kanada 53 na wenyeji Uchina 50. Valieva aliongoza programu zote mbili za wanawake, na kwa hivyo peke yake aliichangia timu yake pointi 20. Isitoshe, aliweka historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza kuruka na kuzunguka hewani mara nne katika Olimpiki.

Furaha hiyo haikudumu hata siku mbili. Sherehe ya kutoa medali iliahirishwa ghafla, na punde si punde sababu ikajulikana. Sampuli aliyoitoa Valieva Desemba 25, 2021, wakati wa mashindano ya kitaifa ya Urusi mjini St Petersburg, ilikuwa imepatikana na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni.

Swali la kwanza lililozuka lilihusu kalenda. Sampuli ilichukuliwa siku ya Krismasi, lakini maabara ya Stockholm, Uswidi, ilitoa majibu siku 44 baadaye, mtoto akiwa tayari amekwishateleza na timu yake imekwishashinda. Shirika la kupambana na dawa hizo nchini Urusi, RUSADA, lilisema maabara ilikuwa imekumbwa na Covid miongoni mwa wafanyakazi wake. Shirika la kimataifa, WADA, likajibu kwamba RUSADA haikuifahamisha maabara kuwa sampuli hiyo ilistahili kupewa kipaumbele. Kila upande ulimnyoshea mwenzake kidole, na fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

RUSADA ilimsimamisha Valieva Februari 8, kisha ikamwondolea marufuku hiyo kesho yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, WADA na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, zikakata rufaa. Februari 14, jopo la Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, likaamua kwamba aruhusiwe kuendelea kushiriki. Hoja kuu ya jopo ilikuwa kwamba alikuwa chini ya miaka 16, na sheria inamtambua mchezaji wa umri huo kama mtu anayestahili ulinzi wa pekee.

Ulinzi huo uligeuka kuwa adhabu. Kamati ya Olimpiki ilitangaza kwamba iwapo Valieva angemaliza katika nafasi tatu za kwanza za shindano la mtu binafsi, hapangekuwa na sherehe ya medali. Msichana akaingia uwanjani akijua kwamba ushindi wake ungewanyima wenzake jukwaa. Aliongoza programu fupi, lakini Februari 17, katika programu ndefu, alianguka mara kadhaa mbele ya macho ya dunia nzima na kuishia nambari nne. Anna Shcherbakova, Mrusi mwenzake, alitwaa dhahabu, Alexandra Trusova fedha, na Mjapani Kaori Sakamoto shaba.

Kilichowashtua wengi usiku ule si kuanguka kwake, bali namna alivyopokelewa alipotoka kwenye barafu huku akilia. Kamera zilimnasa kocha wake, Eteri Tutberidze, akimhoji ni kwa nini alikata tamaa. Kesho yake Rais wa Kamati ya Olimpiki wakati huo, Thomas Bach, alieleza hadharani kwamba alisikitishwa mno na ubaridi aliouona kwa watu waliomzunguka mtoto huyo.

Safari ya mahakamani ilikuwa bado mbichi. Januari 2023, jopo la nidhamu la Urusi liliamua kwamba Valieva hakuwa na kosa wala uzembe wowote, likamfutia matokeo ya Desemba 25, 2021 pekee. WADA haikuridhika, ikapeleka shauri CAS. Upande wa mchezaji ulidai kwamba dawa ile ilikuwa ya babu yake, na kwamba ilimfikia kupitia kitindamlo cha stroberi kilichoandaliwa kwenye ubao ambao mzee huyo aliusagia vidonge vyake.

Mahakama haikuyakubali maelezo hayo. Januari 29, 2024, ilimpiga marufuku kwa miaka minne kuanzia siku ya sampuli, ikamfutia matokeo yote ya kipindi hicho, na kusema kwamba sheria haikutoa msingi wowote wa kumtofautisha na mtu mzima katika adhabu ya aina hiyo, maadamu alishindwa kuthibitisha kwamba hakukusudia.

Hapa ndipo mkinzano wa kisa hiki unapojitokeza waziwazi. Mwaka 2022, Valieva aliruhusiwa kuteleza kwa sababu ni mtoto. Mwaka 2024, aliadhibiwa sawa na mtu mzima. Wanasheria wanaweza kuieleza tofauti hiyo kwa vifungu: uamuzi wa kwanza ulihusu kusimamishwa kwa muda, wa pili ulihusu kosa lenyewe. Maelezo hayo ni sahihi kisheria. Lakini kwa mzazi yeyote mwenye binti wa miaka 15, ni vigumu kumeza kwamba utoto ulitambuliwa pale ulipoliweka shindano zima katika mashaka, kisha ukasahauliwa wakati wa kugawa lawama.

Wahenga walisema ukubwa ni jalala, kwa maana kwamba mtu mzima ndiye hubebeshwa taka za wote. Katika kisa hiki taka zilimwagiwa mdogo. Hukumu ya CAS ilimhusu Valieva peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Fomu aliyojaza wakati wa kupimwa ilionyesha pia kwamba alikuwa akitumia Hypoxen na L-carnitine, ambazo hazijapigwa marufuku. Hata pasipo kumtuhumu yeyote kwa uhalifu, ni haki kuuliza: mtoto wa umri huo anajichagulia mwenyewe vidonge vya kumeza, au hupewa na wakubwa wanaomlea katika mchezo?

Mgala muue na haki umpe. Mahakama ilikuwa na sababu nzito za kutolegeza kamba. Warusi walikuwa Beijing kwa jina la kamati yao ya Olimpiki, bila bendera wala wimbo wa taifa, kutokana na kashfa ya dawa iliyoihusisha serikali yao na iliyofichuliwa baada ya Michezo ya Sochi ya 2014. Laiti umri ungekuwa kinga kamili, nchi isiyo na haya ingewatuma watoto pekee, ikiwapa dawa na kujificha nyuma ya vyeti vyao vya kuzaliwa.

Baada ya hukumu, ISU ilikabiliwa na hesabu. Ilizitoa pointi 20 za Valieva na kuwaachia wengine walizokuwa nazo. Marekani wakapanda kileleni kwa 65, Japani wakawa wa pili kwa 63, na Warusi wakashuka hadi nafasi ya tatu wakiwa na 54, pointi moja tu mbele ya Kanada.

Wakanada walilalama. Walisema mchezaji akifutwa, kila aliyekuwa nyuma yake hupanda nafasi moja. Madeline Schizas wa Kanada alikuwa wa tatu katika programu zote mbili za wanawake. Angepandishwa hadi wa pili, nchi yake ingeongezewa pointi mbili, ifikie 55 na kuwapiku Warusi kwa shaba. CAS iliitupilia mbali rufaa hiyo, kama ilivyozitupa za Warusi waliotaka kurejeshewa dhahabu. Kwa hivyo timu iliyopatikana na hatia ilibakia kwenye orodha ya washindi, na timu isiyo na doa ikabaki mikono mitupu. Hilo ni gumu kuwaeleza Wakanada.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wakuu wa mchezo walilitenda bila kusubiri mahakama. Juni 2022, mkutano mkuu wa ISU ulipiga kura kwa wingi mkubwa kuupandisha umri wa chini wa kushiriki mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa awamu mbili zilizokamilika katika msimu wa 2024-2025. Kanuni hiyo ingekuwepo mapema, Shcherbakova na Trusova wangeruhusiwa kwenda Beijing, ila Valieva angebaki nyumbani.

Sababu ya mabadiliko hayo ni ya kimaumbile. Mwili mdogo wa msichana ambaye hajapevuka huzunguka upesi zaidi hewani, na mizunguko mingi huleta pointi nyingi. Mwili ukikua, miruko ile huwa migumu. Ndiyo maana mabingwa wa namna hiyo walikuwa wakichomoza na kuzama kama nyota za alfajiri. Julia Lipnitskaya, aliyetwaa dhahabu ya timu akiwa na miaka 15 mjini Sochi, alistaafu mwaka 2017 akisumbuliwa na maradhi ya kujinyima chakula. Alina Zagitova, bingwa wa Olimpiki wa 2018 akiwa na umri huo huo, aliacha mashindano mwishoni mwa 2019. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Kaori Sakamoto, asiyetegemea mizunguko minne, alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, akiwa mtu mzima. Na Machi 2025 mjini Boston, taji hilo lilichukuliwa na Mmarekani Alysa Liu, mwenye miaka 19, Sakamoto akiwa wa pili. Liu naye alikuwa Beijing akiwa na miaka 16, kisha akatangaza kustaafu mwaka huo huo. Alipumzika miaka miwili, akarejea kwa hiari yake, na kuwa Mmarekani wa kwanza kushinda taji hilo la wanawake tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Wakenya hawana sababu ya kukitazama kisa hiki kama sinema ya nchi za mbali. Beijing hiyo hiyo, mwaka 2008, Asbel Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500 nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Dhahabu ilimfikia baada ya Ramzi kupokonywa mwaka 2009 kwa sababu ya dawa. Muongo mmoja baadaye, 2019, Kiprop mwenyewe alipigwa marufuku miaka minne kwa matumizi ya EPO, ingawa alikana. Novemba 2022, serikali ililazimika kuahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano ili kuisafisha riadha na kuinusuru nchi isifungiwe.

Fedha hizo zinahitajika, kwa sababu vipimo vinavyotolewa mapema huzuia fedheha kama ile ya siku 44 za Stockholm. Lakini fedha pekee hazitatosha iwapo anayetafutwa ni mwanariadha tu. Kambi zina makocha, mawakala na wauza dawa, na wengi wanaoingia humo ni vijana wasio na wa kumuuliza dawa hii ni ya nini.

Marufuku ya Valieva ilimalizika Desemba 25, 2025, akiwa na miaka 19, umri ule ule ambao Liu alikuwa nao alipotawazwa Boston. Mmoja alipewa nafasi ya kuondoka na kurudi kwa hiari. Mwingine alitolewa, akakaa nje hadi siku zake zilipohesabika. Wamarekani na Wajapani wamepata medali zao, nao walistahili. Kilichobaki bila jibu ni swali la yule aliyeweka kidonge mbele ya mtoto, na michezo haitakuwa safi hadi swali hilo liwe la kwanza kuulizwa badala ya la mwisho.