Lugha iliyo nyuma ya WhatsApp: vijana wa Dar wafundishweje?

Ukituma ujumbe wa WhatsApp kutoka kijijini, unapita kwenye mitambo inayotumia Erlang. Hiyo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilianza kutengenezwa mwaka 1986 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, kwa ajili ya mitambo ya simu. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014, wahandisi 32 tu walikuwa wanahudumia watumiaji milioni 450.

Erlang na nyingine iitwayo Haskell ni lugha za funksheni. Maana yake nini?

Chukua daftari la kikoba. Mwanachama akilipa nusu ya mkopo, mweka hazina mwaminifu hafuti deni la zamani. Anaandika mstari mpya, kisha anajumlisha. Mkaguzi akirudia kuanzia mstari wa kwanza, anapata jibu lile lile. Lugha za funksheni zimejengwa juu ya utaratibu huo: cha zamani hakifutwi, na hesabu ile ile hutoa jibu lile lile. Kosa likitokea, ni rahisi kulifuatilia.

Je, zinafundishika kwetu? Mwaka 2019, kampuni ya IOHK ilifundisha Haskell jijini Addis Ababa kwa wanawake wa Ethiopia na Uganda. Kampuni hiyo yenyewe inatumia Haskell kujenga mtandao wa Cardano, hivyo mwanafunzi aliona kazi ya lugha anayofundishwa.

Dar es Salaam, Chuo Kikuu kina ndaki ya TEHAMA Kijitonyama, Kinondoni. Lakini kijana wa Mbagala au Tegeta anayejifunza kwa bando lake, akikutana na nadharia tupu, ana haki ya kuuliza: hii itanilisha? Ajira za lugha hizi ni chache kuliko za Python au JavaScript.

Kwa maoni yetu, afundishwe kwa kazi halisi. Somo la mwisho liwe programu ya kutunza hesabu za kikundi kilichopo mtaani kwake. Hata akiajiriwa kwa lugha nyingine, tabia ya kutofuta kumbukumbu atabaki nayo.

Nawe msikilizaji, siku ukiletewa programu ya kikoba, uliza: tunaweza kuona kila muamala tangu siku ya kwanza? Wakijibu hapana, endeleeni na daftari lenu.