Lenzi Moja Yatosha

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa vijana wapendao kupiga picha, nayo ni kwamba ustadi wa mpiga picha hupimwa kwa uzito wa mkoba wake. Mwenye lenzi moja huitwa mwanafunzi. Mwenye mbili huitwa fundi. Mwenye tatu au nne husalimiwa kama bwana mkubwa. Mimi nasema imani hii ni potovu. Nasema, msomaji, kwamba mtu apigaye picha za watu katika mtaa wake ahitaji lenzi moja tu, na kwamba ya pili ikiongezwa humpunguzia zaidi ya inavyomzidishia. Najua neno hili litawaudhi wengi. Nakuomba jambo moja: usinihukumu kabla ya kunisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Lenzi ni jicho la kamera, na urefu wake hutajwa kwa milimita. Lenzi ya milimita 24 huona upana mkubwa, kama mtu asimamaye mlangoni akautazama uwanja mzima. Lenzi ya milimita 400 huona sehemu ndogo iliyo mbali, kama mtu achunguliaye kwa darubini. Kati ya hizo ipo lenzi ya milimita 50, ambayo katika kamera ya kawaida ya filamu, au ya kidijitali yenye kipokea mwanga cha ukubwa ule ule, huonyesha vitu kwa kadiri isiyotofautiana sana na vile tuvionavyo kwa macho matupu. Katika kamera zenye kipokea mwanga kidogo zaidi, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wanaoanza, kazi hiyo hufanywa na lenzi ya milimita 35. Hiyo ndiyo lenzi ninayoitetea.

Nitakuwa dhalimu nikisema kwamba wapinzani wangu hawana hoja. Wanayo, tena nzito. Mimi ninakaa Rhonda, katika jiji la Nakuru, na si mbali na nyumba zetu upo ua wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mahali hapo palitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, pakafanywa mbuga ya taifa mwaka 1968. Na mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Bogoria na Elementaita, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani ya ua ule mgeni haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipowekwa. Kifaru haombwi asogee, na heroe akikaribiwa huruka. Aendaye huko na lenzi ya milimita 50 atarudi na vidoa vya rangi ya waridi juu ya maji, na ndugu zake watamwuliza ndege wako wapi. Kwa kazi hiyo lenzi ndefu si fahari, ni lazima. Vivyo hivyo mpiga picha wa arusi aliyelipwa fedha za watu: akiwa na kamera mbili zenye lenzi mbili, simlaumu, maana pete huvishwa mara moja tu.

Makosa huanza pale ambapo kanuni ya ndani ya ua hutolewa nje ikatumiwa kwa binadamu. Nimeona kwa macho yangu gari likisimama kando ya barabara yetu, kioo kikashushwa kadiri ya shibiri moja, lenzi ndefu ikatokeza kama mtutu wa bunduki, na mama auzaye mboga akapigwa picha kutoka hatua hamsini. Kisha kioo kikapanda na gari likaenda zake. Mama akageuka akamwuliza jirani yake, "Amechukua nini?" Hapakuwa na wa kumjibu. Sisemi kwamba aliyekuwa garini alikuwa mtu mwovu. Labda alisikia haya, labda aliogopa. Nasema tu kwamba alimtendea mama yule jinsi ambavyo dakika chache kabla alikuwa amewatendea ndege. Lakini mtu si heroe. Heroe haombwi ruhusa kwa kuwa hana neno la kujibu, mtu analo.

Sheria yetu yalijua hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Walakini adabu ni kongwe kuliko sheria. Nani miongoni mwetu aliyelelewa vema huingia nyumba ya mwenziwe bila kupiga hodi? Lenzi ndefu huingia bila hodi. Lenzi ya milimita 50 haiwezi. Ili ipate uso wa mtu, mwenye nayo sharti afike karibu, asalimu, ajulikane jina, naye akataliwe akikataliwa.

Mpinzani atasema: mtu akiombwa ruhusa hukakamaa, na picha ikawa ya mti mkavu. Ni kweli kwa dakika ya kwanza. Dawa yake ni kukaa mpaka dakika ya kumi. Muuza mahindi hawezi kukakamaa wakati wote, mahindi yataungua. Atarudia kazi yake, atacheka na mteja, atakusahau, na hapo utapata ulichokuwa ukikitafuta, tena kwa ridhaa yake.

Sasa nitakiri kosa langu mwenyewe, maana asiyekiri lake hana haki ya kukosoa la mwingine. Nilipotoka chuo cha ualimu na kupata kazi, nilikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, nikanunua kamera na lenzi tatu. Deni lile nililipa kwa miezi 24. Jirani yangu alikuwa bibi kizee aliyeuza sukuma wiki na vitunguu chini ya mwavuli uliochakaa. Alasiri moja ya Januari mjukuu wake alikuja mbio na matokeo ya mtihani wake wa kidato cha nne. Alikuwa amefaulu. Bibi alisimama, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akajifunga leso kiunoni, akainua mikono yote miwili, akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. "Mwalimu!" aliniita. "Njoo na kamera yako utupige!"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Kamera ilikuwa mkononi, lakini imefungwa lenzi ndefu, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nikijaribu kupiga ndege waliotua juu ya nyaya za umeme. Kwa lenzi ile, hatua nne zilinipa pua yake tu. Nikapiga magoti, nikafungua mkoba, nikatoa lenzi moja, nikaona ni pana mno, nikairudisha, nikatoa nyingine. Upepo ukaleta vumbi. Nikaikinga kamera kwa koti langu. Nilipoinuka, bibi alikuwa ameketi, anafuta machozi kwa ncha ya leso, na mjukuu amekwenda mbio kumwambia mama yake. "Basi, mwalimu," bibi alisema kwa upole. "Kesho nipo."

Kesho nilikuwa na kazi, na kesho kutwa vilevile. Bibi alifariki mvua za masika zilipokuwa zikianza. Siku ya mazishi, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho chake, imekuzwa mpaka imefifia: uso mkavu, midomo imefumbwa, macho yamekazwa. Asiyemjua angedhani alikuwa mtu mkali. Baada ya maziko mjukuu wake alinijia akaniuliza bila hasira, "Mwalimu, siku ile ya matokeo ulikuwa na kamera. Hukupata hata moja?" Nilikuwa na lenzi tatu, na sikupata hata moja.

Utasema kosa lilikuwa langu, si la lenzi. Nakubali nusu. Nilikuwa mzembe kutorudi kesho yake, na hilo sitalitwika chombo. Lakini siku yenyewe ya vigelegele sikuwa mzembe. Nilikuwa mtu mwenye swali. Lenzi nyingi humletea mtu swali saa ambayo hana nafasi ya kulijibu. Mwenye lenzi moja hana swali. Akiwa mbali husogea, akiwa karibu mno hurudi nyuma, na picha huipiga. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu.

Hoja ya vijana ni kwamba lenzi nyingi huwafundisha mengi. Mimi naona kinyume. Chukua mfano huu. Mama amesimama mbele ya nyumba ya mabati. Ukisimama hatua mbili kutoka kwake, uso wake utakuwa mkubwa na nyumba itakuwa ndogo nyuma yake. Ukirudi hatua ishirini ukamvuta kwa lenzi ndefu, nyumba itajitokeza kubwa, kana kwamba imemgandama mgongoni. Wengi hudhani mabadiliko hayo yameletwa na lenzi. La, yameletwa na miguu. Uwiano wa kitu kilicho mbele na kilicho nyuma huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha. Lenzi hukata tu mipaka ya kile kionekanacho kutoka pale. Basi yeye asimamaye mahali pamoja akabadili lenzi tano, amebadili mipaka mara tano na hajachagua mahali hata mara moja. Mwenye lenzi moja hulazimika kuchagua mahali kila apigapo picha, na kuchagua mahali ndiyo nusu ya sanaa hii.

Wala simtetei mtu mvivu wala maskini wa akili. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeishi tangu 1908 hata 2004, alinunua kamera ndogo aina ya Leica mwaka 1932, na sehemu kubwa ya kazi yake iliyomfanya mashuhuri ulimwenguni aliifanya kwa lenzi ya milimita 50. Hapa Afrika, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Kwa kamera kubwa, mwanga wa jua uani, na kitambaa kilichotundikwa nyuma ya mteja, aliwapiga watu wa mji wake, na kwa kawaida kila mteja alimpiga picha moja tu. Watu wale wangali wakitutazama kwa heshima zao zote. Mchagua jembe si mkulima, na Keïta alikuwa mkulima.

Yapo mambo mengine madogo nitakayoyataja kwa ufupi. Lenzi ikitolewa, kamera hubaki wazi, na Nakuru ni mahali pa vumbi. Husemwa hata jina lake katika Kimaasai lina maana hiyo. Chembe moja ikitua juu ya kipokea mwanga, huacha doa mahali pale pale katika kila picha, hasa penye anga. Mkoba mzito huchosha bega, na bega likichoka mtu hurudi nyumbani mapema. Na fedha za lenzi ya pili zingeweza kusafisha picha mia za kuwapa wenyewe, jambo ambalo wengi wetu huahidi na wachache hutimiza.

Pengine utaniambia, "Mwalimu, lenzi yangu ni moja, lakini hujivuta ndefu na fupi." Hiyo ni lenzi nyingi katika gome moja, na swali lake ni lile lile. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, usiitupe. Iweke kwenye 35, uizuie kwa kipande cha utepe, utembee. Nawe mwenye simu, ambayo huenda ina macho mawili au matatu mgongoni, chagua lile la kati lenye alama ya 1, usiguse mengine. Usivute picha kwa vidole. Jivute wewe mwenyewe kwa miguu. Ukienda siku moja mbugani na shule yako, azima lenzi ndefu, uwapige heroe kadiri upendavyo, na ukitoka langoni uirudishe kwa mwenyewe.

Jaribu hivyo kwa muhula mmoja. Mwisho wake, kama utaona nimekudanganya, nenda ukanunue lenzi uzitakazo, nami sitakuwa na neno. Lakini anza na mtaa wako. Wamo wazee ambao picha yao pekee ni ile ya kitambulisho, iliyopigwa siku waliyoambiwa wasicheke. Nenda kwao na lenzi moja, upige hodi, uketi. Wakikwambia kesho, uende kesho.