Picha Irudiwe kwa Jasho la Nani?

Katika shule zetu neno "rudia" lina sura mbaya. Mwanafunzi aambiwaye arudie insha hudhani ameadhibiwa, na yule aambiwaye arudie darasa huficha uso wake sokoni. Chuki hii imetoka darasani ikaingia hata katika kazi ya sinema, ambayo siku hizi vijana wa Kitale na Bungoma huifanya kwa bidii kubwa na kwa vyombo vidogo. Nataka kulitetea neno hili mbele yako, msomaji. Na nikiisha kulitetea nataka kulishtaki, maana wapo walitumiao vibaya kuliko wale walichukiao.

Kwanza nikuambie nililoliona kwa macho yangu. Niliitwa siku moja kulisaidia kundi la wanafunzi wa shule moja ya upande wa Bungoma, waliokuwa wakitengeneza picha ya kupeleka katika tamasha la maigizo na filamu la shule. Mahali walipopachagua palikuwa karibu na maporomoko ya Nabuyole, pale mto Nzoia unapojitupa juu ya miamba jirani na mji wa Webuye. Mahali pazuri, hapana ubishi. Katika mchezo wao baba anamwita binti yake kando ya mto, anamwambia kwamba ng'ombe wa mwisho amekwisha kuuzwa, fedha zimekwenda katika matibabu ya mama, na karo haipo. Msichana aliyeigiza binti alilia machozi ya kweli. Sote tulinyamaza. Mto peke yake haukunyamaza, na kinasa-sauti chetu kilikuwa kile kidogo kilichomo ndani ya simu. Nikasema picha irudiwe, tena hatua mia mbili kutoka majini, chini ya mti. Mkubwa wa kazi ile akatazama saa yake, akajibu kwa maneno ambayo tangu siku hiyo siwezi kuyasikia nikatulia: "Haidhuru, itatengenezwa katika mashine."

Haikutengenezwa. Siku ya kuonyeshwa, baba alifungua kinywa na mto ukasema. Ukumbi mzima ulicheka mahali ambapo ulitakiwa kulia, na yule msichana aliinama akafunika uso kwa sweta yake. Hakukosea hata neno moja. Aliyekosea alikuwa mtu mzima aliyeona haya kusema "rudia" mbele ya wanafunzi thelathini wenye njaa, akaona heri aibu ya baadaye, ambayo ingemwangukia mwingine.

Mashine ya kuhariri ni mtumishi mwema, lakini si mchawi. Huweza kukata na kuunganisha, kung'arisha kilichofifia, na kupunguza uvumi ulio mdogo. Utaniambia kwamba sauti yaweza kutiwa upya chumbani, wachezaji wakitazama midomo yao wenyewe katika kioo. Ni kweli, na mabingwa hufanya hivyo kila siku. Lakini hiyo ni nini kama si kurudia? Wamerudia vilevile, ila wamerudia baadaye, bila mto, bila baba kusimama mbele ya binti, na bila yale machozi. Utaniambia tena kwamba mashine za leo zaweza kufuta hata saa ya mkononi katika mkono wa mchezaji anayeigiza mlinzi wa ngome ya Chetambe katika vita vya mwaka 1895. Zaweza, kwa kazi ya ziada na kwa mkono wa fundi ajuaye. Kumwambia kijana avue saa, picha ikarudiwa, hakugharimu kitu ila unyenyekevu.

Wale wadhanio kwamba kurudia ni alama ya mtu asiyejua kazi, na wamtazame Charlie Chaplin. Katika picha yake City Lights, iliyotoka mwaka 1931, yuko msichana kipofu auzaye maua, anayemdhania mzururaji maskini kuwa ni tajiri. Picha ile haikuwa na maneno ya kusemwa. Basi Chaplin alikuwa na swali gumu: kipofu atadhanije, bila kuambiwa, kwamba aliye mbele yake ni mwenye mali? Alikwama hapo muda mrefu. Husimuliwa kwamba tukio lile alilipiga mara 342. Wachezaji walichoka, kazi ikasimama, ikaanza tena, na yule mwanamke aliyeigiza kipofu, Virginia Cherrill, alifukuzwa kisha akarudishwa. Mwisho jibu likaja, nalo ni jepesi kama majibu yote mazuri: mzururaji apite ndani ya motokaa iliyosimama, atokee upande wa pili, na mlango wake ufungwe kwa kishindo. Kipofu asikie mlango wa motokaa, aamini kuwa bwana mwenye motokaa ndiye aliyeshuka. Ukiitazama leo utadhani ilizaliwa hivyo. Nakuomba ukumbuke jambo moja, kwa kuwa nitalirudia: Chaplin alikuwa akitumia fedha yake mwenyewe, katika nyumba ya sinema iliyo mali yake.

Yuko na Robert Flaherty, ambaye hakurudia tukio moja bali alirudia picha nzima. Mwaka 1916, huko Toronto, aliangusha sigara juu ya filamu alizozileta kutoka nchi ya barafu ya kaskazini, na futi zipatazo 30,000 zikateketea. Mwingine angaliacha kazi. Yeye alikuja kukiri kwamba ile iliyoungua haikuwa picha njema, ilikuwa vipande visivyojuana. Akarudi kaskazini mwaka 1920, akapiga upya akiwa na fikira mpya ya kumfuata mtu mmoja na jamaa yake, na Nanook of the North ikaonyeshwa mwaka 1922. Sisemi uchome kazi yako ili uwe bingwa. (Wanafunzi wengine hunisikia vibaya kwa makusudi.) Nasema moto ule ulimfanyia kazi ambayo mtu mwenyewe angalipaswa kuifanya, ya kutazama alichokipata na kukiri kuwa hakitoshi.

Tena, kwa sisi wa nchi ya mahindi, kurudia kuna saa yake. Katika mashamba ya Trans Nzoia mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapokuja, hutoa mbelewele katikati ya mwaka, na mavuno yakiisha hubaki mabua. Ukipiga wapenzi wakikimbia katikati ya mahindi mabichi mwezi wa Julai, ukaenda zako na kosa ndani ya kamera, ukarudi likizo ya Desemba, utawakuta ng'ombe wakila jukwaa lako. Jambo hili lilimpata Satyajit Ray wa Bengali alipokuwa akitengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955. Alipiga nusu ya tukio katika uwanja wa maua meupe ya nyasi za kash; aliporudi baada ya siku chache, mifugo ilikuwa imeyala. Akangoja maua ya mwaka uliofuata. Sisi hatuna subira ya namna hiyo wala hatuhitaji kuwa nayo, maadamu tutakuwa na desturi ya kutazama picha palepale, jua likiwa bado upande wa Mlima Elgon, na kusema "rudia" kabla wachezaji hawajavua mavazi.

Hapa ndipo utetezi wangu unapokwisha na mashtaka yanapoanza.

Zamani kurudia kulikuwa na bei iliyoonekana. Msokoto wa futi 1,000 za filamu ya milimita 35 ulikwisha kwa muda wa dakika kumi na moja hivi, na kila "rudia" ilikula futi zisizorudi dukani. Mwongozaji alifikiri kabla ya kutamka. Leo kamera huandika katika kadi ndogo kuliko ukucha; kibaya hufutwa, kadi ikawa mpya. Kwa hiyo imezuka imani kwamba kurudia hakuna gharama. Kwa nani? Kadi haichoki. Mtu huchoka. Gharama haikufa, ilihama tu kutoka mfuko wa mwenye picha ikaingia katika miguu ya mchezaji. Na kwa kuwa miguu haitoi hati ya madai, mwenye picha hulala usingizi mnono.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilileta watu wake Afrika ya Mashariki kupiga picha iitwayo Trader Horn. Walizunguka Kenya, Uganda na Kongo, wakipambana na homa, joto, na vyombo vya sauti vilivyokuwa vipya na vikaidi. Waliporudi Marekani ilionekana kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo haifai, nayo ikapigwa upya huko. Mutia Omoolu, Mwafrika kutoka Kenya aliyeigiza mbeba bunduki, alivushwa bahari hadi California ili arudie maneno aliyokwisha kuyasema kwao. Edwina Booth, mchezaji wa kike, alirudi mgonjwa, akateseka muda mrefu, akaishtaki kampuni. Picha ilitoka mwaka 1931 ikasifiwa sana. Siilaumu kwa kurudiwa. Naitaja ili uone kwamba penye "rudia" pana mtu anayeitamka na mtu anayeibeba, na mara nyingi hao si mtu mmoja. Chaplin aliporudia mara mia tatu aliuungulia mfuko wake. Ukimwiga kwa idadi na usimwige kwa malipo, humwigi Chaplin.

Tena kuna yasiyorudiwa kabisa. Wavulana wa Kibukusu hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa. Alfajiri kijana hushuka mtoni, hupakwa matope, hupanda nyumbani akiimbiwa, husimama bila kupepesa macho mbele ya baba zake. Vijana wenye kamera hupenda sana kulipiga tukio hili, nami siwakatazi, ikiwa wenyewe wameruhusiwa na wazee. Lakini nimemsikia mpiga picha, mwanga ulipomhadaa, akiomba kijana arudishwe mtoni "kidogo tu" apande tena. Wazee walimfukuza, na walifanya vema. Kwa mchezaji aliyepewa sehemu ya kuigiza, irudie hata mara kumi, kwa kuwa yeye na wewe na mtazamaji mnajua kwamba ni mchezo. Kwa kijana ambaye siku ile ni siku yake, ukilikosa umelikosa. Flaherty mwenyewe, niliyemsifu hapo juu, hakusalimika katika hili: aliwataka watu wake wawinde kwa chusa kama babu zao, hali walikwisha kuzoea bunduki, kisha akatuonyesha kana kwamba ndivyo walivyoishi. Tangu hapo watu hubishana kama picha yake ni habari ya kweli au ni hadithi, nao wana haki ya kubishana.

Nirudi kwetu, katika njia itokayo Kitale kupita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye. Kando ya njia hiyo pana mteremko uendao kijitoni, na hapo kundi jingine la vijana lilikuwa likipiga picha ya bibi kizee apandaye na maji kichwani. Walimwomba bibi wa kijiji hicho, mwenye miaka zaidi ya sitini, naye alikubali kwa furaha. Mwongozaji, kijana wa kidato cha tatu, alitaka debe lijazwe hasa, ili shingo itetemeke kweli. Bibi akapanda. Mara ya kwanza kamera haikuwa imewashwa. Mara ya pili mtoto alipita nyuma akipunga mkono. Mara ya tatu mwongozaji aliona kwamba ni vizuri zaidi akitokea kushoto. Mara ya nne simu iliita, nayo ilikuwa ileile iliyokuwa ikipiga picha. Makosa manne, na hapana hata moja lililokuwa la bibi. Malipo yake yalikuwa soda moja na mkate. Nilikuwapo tangu mara ya kwanza, na sikusema neno. Nakiri hilo kwako bila kulipamba.

Mwongozaji alipotamka "rudia" mara ya tano, bibi alilitua debe chini polepole, akajifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Mwanangu," akasema, "hicho chombo chako ni kizito?"

"Hapana, kukhu, si kizito."

"Basi nipe nikushikie. Wewe chukua hili."

Wenzake walicheka, na kijana akacheka pia, kisha akaona kwamba bibi hacheki, ameunyosha mkono. Akampa simu. Akajitwika debe kwa msaada wa wenzake wawili, akapanda mteremko wote, maji yakimwagika mabegani, na bibi amemwelekezea simu kwa makini, ameikamata kinyume. Alipofika juu alikaa kitako juu ya majani kwa kitambo asiseme kitu. Baadaye aliteremka, akamwaga nusu ya maji, akawaondoa watoto njiani, akazima mlio wa simu, akaitazama nuru ya mawinguni, akatembea mwenyewe njia yote akihesabu hatua na kuweka jiwe mahali ambapo bibi angesimama apumue. Ilichukua karibu nusu saa, na muda wote huo bibi alikuwa amekaa kivulini. Kisha akamwendea, akapiga magoti kidogo kama ifaavyo, akamwuliza kama yuko tayari.

Picha ile ilipigwa mara moja.