Kabla mtoto hajaitwa Serengeti Boys, cheti chake kiko wapi?

KATIKATI ya mwaka, michezo ya shule inapopamba moto, viwanja vya Bukoba na Muleba havina pa kukanyaga. UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Timu ya shule inakwenda kata, ya kata inakwenda wilaya, ya wilaya inashuka Bukoba mjini. Mtoto aliyezoea mpira wa makaratasi kwenye uwanja wenye mteremko kule Kamachumu anajikuta anacheza mbele ya watu wasiomjua baba yake wala ukoo wake. Wanachokiona ni kwamba anakimbia.

Hapo ndipo swali hujitokeza: "Kijana ana miaka mingapi?"

Na mara nyingi, kuliko wazazi wanavyopenda kukiri, nyuma ya swali hilo huja ushauri. Akiwa na 16 kwenye karatasi ana nafasi, akiwa na 18 ameshachelewa. Anatokea mtu anayejitolea "kusaidia" kupata karatasi nyingine. Jioni kijana anarudi nyumbani na ujumbe: "Tata, wamesema nikipunguza miwili tu nitaitwa Dar." Baba anatazama migomba yake, anafikiria mahitaji ya shule ya wale wadogo, na hana jibu la haraka.

Safu ya leo ni ya baba huyo, na ya mkewe, ambaye ndiye anayekumbuka vizuri mtoto alizaliwa lini.

Tanzania yenyewe imeshakaa pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2005 timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilishinda uwanjani na kupata tiketi ya fainali za Afrika nchini Gambia. Haikwenda. Iliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Kosa lilikuwa la karatasi ya mtu mmoja, adhabu ikawa ya timu nzima, wakiwemo wale ambao umri wao haukuwa na shida yoyote.

Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Congo Brazzaville ilikuwa imeitoa Serengeti Boys katika mbio za kwenda fainali za 2017, lakini ikashindwa kumpeleka mchezaji wake mmoja kwenye kipimo cha umri alichotakiwa kufanyiwa. Congo ikaondolewa, Tanzania ikaenda Gabon. Vijana wa kocha Bakari Shime wakatoka sare ya 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, na wakahitaji sare tu dhidi ya Niger ili waende Kombe la Dunia nchini India. Wakafungwa 1-0. Timu hizo mbili zililingana pointi, 4 kwa 4, na Niger ikapita kwa sababu ndiyo iliyomfunga mwenzake. Katika kikosi kile alikuwemo Dickson Job, ambaye wazazi wengi wamemjua baadaye kama beki wa Yanga na Taifa Stars.

Mengine yapite haraka. Aprili 2018 Serengeti Boys ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati nchini Burundi kwa kuifunga Somalia 2-0 fainali. Mwaka uliofuata Tanzania ikawa mwenyeji wa fainali za Afrika, jijini Dar es Salaam, na mashabiki wakaona mechi ya ufunguzi yenye mabao 9: Nigeria 5, Tanzania 4. Kisha Uganda ikashinda 3-0 na Angola 4-2. Fainali za 2021, ambazo Tanzania ilikuwa imeshafuzu, zilifutwa kwa sababu ya Uviko. Zile za 2023 haikufika, na za Morocco mwaka 2025 iliishia hatua ya makundi, huku Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula, wakipata tiketi ya Kombe la Dunia. Kwa kifupi, wavulana wetu walicheza fainali za Afrika za 2017, 2019 na 2025 na hawakufika Kombe la Dunia kupitia hata moja.

Wasichana walifika. Serengeti Girls, wakiwa na Bakari Shime huyo huyo, waliifunga Cameroon 4-1 ugenini na 1-0 Zanzibar, na Oktoba 2022 wakawa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Huko India walifungwa 4-0 na Japan, wakaishangaza Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, na kuingia robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa 3-0. Wazazi wenye mabinti wanaocheza mpira Nshamba au Kashai wana haki ya kuwakumbusha majirani matokeo hayo kila wanapoulizwa msichana anatafuta nini uwanjani.

Sasa, kipimo chenyewe.

Kinaitwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku yenye nguvu. Haina mionzi kama eksirei, ndiyo maana inaruhusika kutumika kwa watoto wasioumwa. Mchezaji anaweka mkono, picha inapigwa kwenye kifundo, na daktari anaangalia mwisho wa mfupa mkubwa ulio upande wa kidole gumba. Kwa mtoto anayekua, kati ya mwili wa mfupa na kichwa chake kuna ukanda wa gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kadiri kijana anavyokomaa ukanda huo hugeuka mfupa kidogo kidogo, mpaka unafungika kabisa na mstari kutoweka. Madaktari wameugawa mwendo huo katika ngazi 6. Aliyefika ngazi ya 6 hachezi chini ya miaka 17.

Ngazi hizo hazikutolewa hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima vijana wa kiume 496 wenye afya, wa miaka 14 hadi 19, kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, ambao tarehe zao za kuzaliwa zilijulikana. Kati ya wale wa miaka 16, waliokuwa wamefungika kabisa walikuwa chini ya mmoja katika kila mia. FIFA ikaanza kukitumia kipimo hicho kwenye Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009. Mwanzoni mwa 2023 Cameroon ilikipima kikosi chake cha chini ya miaka 17 kabla ya mashindano, na wachezaji 21 kati ya 30 wakashindwa. Ikabidi timu iundwe upya.

Kuna mambo mawili ambayo wanaouza karatasi hawamwelezi mzazi. La kwanza, kipimo hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kinaona tu kama mfupa umefunga au bado. Kijana wa miaka 18 anaweza kupita kwa sababu wake haujafunga, na hao ndio wanaotolewa mfano vijiweni: "Mbona fulani alipita?" Alipita mfupa, hakupita kumbukumbu. Guinea ilifika fainali ya Afrika hapa Dar mwaka 2019, kisha ikanyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wameandikishwa na tarehe tofauti katika mashindano ya nyuma yake nchini Japan. Pasi zao zilipingana zenyewe kwa zenyewe. Nafasi ikaenda Senegal.

La pili, kwa wasichana kipimo hiki hakitumiki. Mifupa yao hufunga mapema zaidi, na watafiti walioijaribu MRI ya kifundo kwa wachezaji wa kike walishauri isitumike kuamua umri wao. Maana yake, kwa binti anayeota Serengeti Girls, karatasi ndiyo shahidi.

Na karatasi za mtoto wa Kagera ziko nyingi kuliko anavyodhani. Alipozaliwa hospitali, iwe Ndolage, Rubya au Bukoba mjini, mama alipewa tangazo la kizazi. Kadi ya kliniki ina tarehe, iliyorudiwa kila alipochanjwa. Kwa familia za Kikatoliki na Kilutheri, ambazo mkoani kwetu ni nyingi, kuna kitabu cha ubatizo kinachobaki parokiani au usharikani hata cheti cha nyumbani kikiliwa na mchwa. Shule ya msingi ina rejista, na mtoto ana namba ya PREM inayomfuata hadi sekondari. Anayepunguza miaka miwili kwenye cheti kimoja anaviacha vingine vyote vikisema ukweli.

Tatizo la kweli hapa si udanganyifu peke yake. Wapo wazazi ambao hawana cheti chochote na hawakukusudia ubaya. Mtoto alizaliwa kisiwani Goziba au Ikuza, boti haikuwepo, mkunga alikuwa bibi. Au nyumba ilianguka na vyote vilivyokuwamo katika tetemeko la 10 Septemba 2016. Au baba alidhani kadi ya kliniki inatosha. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo inawezekana bado, ila ushahidi unaodaiwa huongezeka kadiri miaka inavyopita, na kwa mtoto aliyevuka miaka 10 mlolongo unakuwa mrefu. Mzazi anayengoja mpaka siku kocha aombe cheti anajikuta ana wiki moja ya kufanya kazi ya miezi, na ni katika wiki hiyo ndipo anapokutana na "msaidizi".

Kuna jambo jingine kuhusu kupunguza umri ambalo halisemwi kabisa: linamchelewesha kijana. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kelvin John, mshambuliaji wa Serengeti Boys ya 2019, alizaliwa Juni 2003 na alijiunga na Genk ya Ubelgiji Juni 2021, alipotimiza 18. Kijana ambaye kwa kweli ana 18 lakini karatasi inasema 16 anaisubiri siku hiyo miaka miwili mizima, akiwa kwenye ubora wake, kwa sababu ya tarehe aliyoinunua mwenyewe.

Upande wa mwili nao una hesabu yake. Ule ukanda wa gegedu ambao haujafunga ndio sehemu dhaifu ya mfupa. Mtoto wa miaka 14 akigongwa na mwanaume wa 19 aliyejificha kwenye timu ya watoto anaweza kuvunjika hapo hapo, na jeraha la eneo hilo lisipotibiwa vizuri mguu unaweza kukua umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Mvulana anayelalamikia uvimbe na maumivu chini kidogo ya goti wakati wa kurefuka haraka, kati ya miaka 10 na 15, mara nyingi anahitaji kupumzishwa mazoezi kwa muda na kuonwa na mtaalamu. Kukandwa kwa nguvu na kurudishwa uwanjani Jumamosi hakumsaidii.

Kimo nacho hudanganya. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na Kagera, pamoja na migomba yake yote, si mkoa wa kujivunia katika hilo. Ndizi hushibisha, lakini mwili unaorefuka unataka pia maharage, dagaa, mayai, maziwa na, msimu ukifika, senene. Watoto wa mwambao wanaoogelea ziwani huweza kupata kichocho, ambacho hula damu na kurudisha nyuma ukuaji. Dawa zinazogawiwa shuleni si za kutupa. Matokeo yake ni kijana wa kweli wa miaka 16 mwenye umbo la 13, na kocha anayemwona anashawishika kumwandika mdogo. Mzazi asipokuwa na cheti hana cha kumjibu.

Umri wa mpira pia huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1 Januari. Mtoto wa Desemba anashindania nafasi na wenzake waliomtangulia kwa karibu miezi 12, na katika umri wa miaka 13 au 14 hiyo ni tofauti ya kifua na nguvu za miguu. Wengi huachwa kwa sababu hiyo na kuambiwa hawana kipaji. Mzazi anayejua hili anaweza kumwambia mwalimu wa michezo amtazame tena mwakani.

Kwa aliye na cheti chenye kosa la kweli, pengine mwandishi alikosea mwaka au jina, njia ipo: ofisi ya msajili wa vizazi na vifo, iliyo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, Bukoba au Muleba. Mama aende na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na barua ya shule. Kocha si lazima awepo.